Nyumba Imesimama Pongwe, Mama Amelala Muheza

Barua ya msomaji

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 47, karani katika ghala moja jirani na bandari ya Tanga, na ninaishi Makorora katika vyumba viwili vya kupanga pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili. Ni Mbondei wa Muheza, na huko ndiko nilikobatizwa na kupewa kipaimara katika Kanisa la Anglikana. Jambo linalonisumbua nimewaeleza rafiki zangu wawili, na wote wamenijibu kwamba mtu mwenye nyumba yake hana la kulalamikia. Ndiyo maana nimeona nikuandikie wewe.

Mwaka 2009 nilinunua kiwanja Pongwe, na tangu hapo nimejenga kama wanavyojenga watu wa mshahara mdogo, mfuko wa saruji baada ya mfuko wa saruji. Msingi ulikamilika 2011, boma likasimama 2015, na kupaua kulinichukua hadi 2020 kwa sababu mbao na bati vilinilazimu kukopa SACCOS mara mbili. Karibu kila Jumamosi kwa miaka hiyo yote nilipanda baiskeli alfajiri, nikaenda kusimamia mafundi, kumwagilia tofali maji na kuhesabu nondo zisiibwe, nikarudi magharibi nikiwa sina hamu hata ya kuzungumza.

Katika miaka hiyo nilikuwa na neno moja mdomoni: "Nikimaliza nyumba." Mke wangu nilimtolea mahari 2007, lakini ndoa ya kanisani tuliiahirisha hadi tumalize nyumba, ili tufanye sherehe inayoeleweka na wageni wapate pa kufikia, kwa hiyo mpaka leo sote wawili hatushiriki Meza ya Bwana. Kwaya niliacha, nikasema nitarudi nikimaliza. Mwanangu wa kiume alifundishwa kuendesha baiskeli na jirani, katika mji huu ambao baba asiyemfundisha mwanawe baiskeli ni kichekesho, kwa kuwa baiskeli yetu ilikuwa Pongwe kila siku ambayo yeye hakuwa na shule.

Na mama yangu. Pongwe, kama unavyojua, iko njiani kwenda Muheza. Kila Jumamosi nilikuwa nimekwisha kwenda karibu nusu ya njia ya kwetu, na kila Jumamosi niligeuzia hapo. Nilimtumia pesa kwa simu, nikamtumia khanga na sukari. Mke wangu na watoto walikwenda kila Pasaka. Mimi nilimwambia, "Mama, vumilia, nikimaliza nyumba nitakuja nikuchukue uje ukae chumba chako." Alikuwa na mchungwa nyuma ya nyumba, na kila msimu aliniwekea kikapu changu peke yake, akanipigia simu kunijulisha kwamba yapo. Amefariki Novemba iliyopita. Tulipokuwa tukitoa vitu chumbani mwake, dada yangu alivuta kikapu kutoka chini ya kitanda. Nusu ya machungwa yale yalikuwa yameoza.

Nyumba sasa ina milango na madirisha. Imebaki plasta ya nje, dari na rangi. Mke wangu anasema tuhamie hivyo hivyo na tufunge ndoa bila kusubiri. Mimi naona aibu kuhamia nyumba isiyokwisha baada ya kuisubiri miaka yote hii, na nikisema kweli, nikisimama ndani yake sioni furaha yoyote.

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye semina ya neno la Mungu, na mhubiri mmoja kijana akasema kwamba maisha ni safari, na kwamba safari yenyewe ni bora kuliko mwisho wake, kwa hiyo tufurahie safari tusihangaike na tuendako. Watu walipiga makofi. Mimi nilikasirika, kisha nikalia nikiwa njiani kurudi. Tangu utoto nimefundishwa kwamba hapa duniani sisi ni wapitaji na kwetu ni mbinguni. Ikiwa mwisho ndio wenye thamani, basi nilikosea wapi kuvumilia kwa ajili ya mwisho? Na ikiwa safari ndiyo yenye thamani, basi miaka kumi na mitano nimeitupa, na hakuna wa kunirudishia.

Wako,
Mwenye Nyumba, Makorora

Jibu

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mama.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote nilikwama kwenye kikapu. Sitakuambia kwamba si neno. Ni neno, na mtu yeyote atakayekuharakisha ulivuke kwa kukutajia aya moja ya faraja anataka kupumzika yeye, hakupumzishi wewe. Tutarudi hapo. Kwanza nijibu hilo la mhubiri, kwa kuwa naona limekuchoma mahali ambapo tayari palikuwa na kidonda.

Yule kijana alisema nusu ya jambo. Kwamba safari ina thamani yake, hilo ni kweli na ni la Kikristo kabisa. Lakini kusema kwamba tusijali tuendako ni kuondoa kinachoifanya safari iwe safari, kwa maana mtu anayetembea bila kujua aendako sisi huku Tanga tunamwita mzururaji, hata kama anafurahia matembezi yake. Mtume Paulo, akiwaandikia Wafilipi, alisema wazi kwamba hajafika, na kwamba anakaza mwendo aifikilie mede, yaani shabaha, iliyo mbele yake. Mtu huyo hakuudharau mwisho. Lakini barua hiyo hiyo, aliyoiandika akiwa amefungwa minyororo, imejaa furaha kutoka sura ya kwanza hadi ya mwisho, wala hakuna mahali anaposema kwamba atafurahi akifunguliwa. Aliyashika yote mawili, na naona ni kwa sababu moja: Bwana aliyekuwa akimngoja mwisho wa njia ndiye aliyekuwa naye gerezani. Yesu alisema, "Mimi ndimi njia," na Wakristo wa kwanza, kabla hawajazoea kuitwa Wakristo, walijulikana katika Matendo ya Mitume kama watu wa Njia. Ukiisha kuliona hilo, swali lako la kuchagua kati ya safari na mwisho linapoteza makali, kwa kuwa hatuendi kwa mtu aliye mbali anayetusubiri tu, tunakwenda naye.

Sasa nikuulize, mwanangu, na usinikasirikie: katika miaka hiyo kumi na mitano, ni mwisho upi uliokuwa ukiuvumilia? Unaniandikia juu ya mbinguni, lakini barua yako yote inaeleza msingi, boma na kupaua. Nadhani yaliingiliana taratibu bila wewe kujua. Ile subira tuliyofundishwa kuwa nayo kwa ajili ya ufalme wa Mungu uliihamishia Pongwe, ukaipa nyumba ya vyumba kadhaa heshima ya Kanaani, nchi ya ahadi, ukaanza kuhesabu kila kilicho kati ya Makorora na Kanaani hiyo kuwa jangwa la kupita upesi. Kujenga hakukuwa kosa. Mwanamume anayemjengea mkewe na watoto amefanya jema, na wala sitaki uichukie nyumba hiyo. Ila nyumba ni kituo, nawe uliifanya mwisho wa reli.

Nimetaja reli kwa sababu mimi ni mtoto wa reli. Baba yangu alikuwa katika genge la kutengeneza njia upande wa Mnyuzi, na kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kipande cha njia ambacho mtu hodari angekitembea asubuhi moja: kukaza misumari, kubadilisha mataruma, kung'oa majani. Alifika Moshi mara moja tu maishani mwake, akarudi akalalamikia baridi. Sisi watoto alitufundisha vituo kama wengine wanavyofundishwa mashairi, tukavisema kwa mpangilio tukiwa tumeketi mkekani: Pongwe, Ngomeni, Muheza, Mnyuzi, Korogwe, Mombo, Buiko, Same. Njia hiyo Wajerumani walianza kuijenga hapa Tanga mwaka 1893, kwa jasho la watu wetu ambao wengi hawakuwa na hiari. Muheza ilifika 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi haikuiona hadi 1911. Mpango wa mwanzo ulikuwa ifike Ziwa Viktoria, na huko haijafika mpaka leo. Je, mtu wa Muheza aliyekuwa akipakia mzigo wake kwenye behewa mwaka 1897 alipaswa kungoja mpaka reli iishe? Angezeeka akingoja. Wala hakuna aliyemwambia kwamba kituo chake si kituo kwa kuwa treni haijaliona ziwa.

Ukitaka kuona kwamba hili si hadithi ya baba yangu tu, fungua Biblia, kitabu cha Hesabu, sura ya 33. Ni sura ambayo wasomaji wengi huiruka, nami niliiruka kwa miaka, kwa kuwa haina kitu ila majina: wakasafiri kutoka mahali fulani, wakapiga kambi mahali fulani, na vituo hivyo ni zaidi ya arobaini, kutoka Ramesesi hadi nchi tambarare za Moabu. Vingine havitajwi kwingine popote katika Biblia, wala hatujui kilitokea nini hapo. Lakini aya ya pili inasema Musa aliviandika kwa amri ya Bwana. Mungu ambaye alikuwa akiwapeleka watu wake katika nchi aliyowaahidia aliagiza yaandikwe pia majina ya mahali walipolala tu. Na katika sura ya 9 ya kitabu hicho imeandikwa kwamba wingu likikaa juu ya maskani siku mbili, au mwezi, au mwaka, watu walikaa hapo. Walipika, wakazaa, wakazika, wakafundisha watoto. Hawakuambiwa waahirishe kuishi mpaka wavuke Yordani.

Unaniuliza ulikosea wapi kuvumilia. Nadhani jibu liko katika Marko sura ya 5. Yairo, mkuu wa sinagogi, amekuja mbio, binti yake wa miaka kumi na miwili yu karibu kufa, na Yesu amekubali kwenda. Hakuna safari yenye haraka kuliko hiyo. Njiani mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili anagusa vazi lake, naye Yesu anasimama. Angeweza kupita, kwa maana mwanamke amekwisha pona. Lakini anasimama, anauliza ni nani, anangoja mpaka mwanamke ajitokeze na kueleza habari yake yote, anamwita binti. Mimi huwa namfikiria Yairo pale pembeni, akikanyaga mguu huu na ule. Na kweli, wakiwa bado wamesimama, habari inaletwa kwamba mtoto amekufa. Hata hivyo Yesu anafika, na mtoto anainuka. Kule kusimama njiani hakukumfanya apoteze mwisho wa safari yake. Ulichokuwa ukikiogopa wewe kila Jumamosi pale Pongwe ni hicho: kwamba ukiendelea mpaka Muheza, tofali hazitamwagiliwa, fundi ataiba nondo, nyumba itachelewa mwezi. Ingechelewa mwezi, mwanangu. Pengine mwaka. Ingekuwa imesimama vilevile.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye kikapu. Wana wa Israeli walipopewa mana, waliambiwa kila mtu aokote ya siku yake, na waliojiwekea mpaka asubuhi waliikuta ina mabuu. Nilisita kuitaja kwa sababu inaumiza. Lakini angalia vizuri ni nani aliyeweka. Mama yako hakuwa akiahirisha. Yeye aliyachuma msimu ulipofika, akakupigia siku ile ile, akayatoa; upendo wake aliutoa kwa wakati wake, wala haukuoza kwa kuwa machungwa yameoza. Wewe ndiye uliyechelewa kuupokea. Tofauti hiyo ni ya kweli na ina uzito wake, kwa hiyo nakushauri ulikiri jambo hili mbele ya Mungu kwa jina lake, pamoja na Padri wako, kama kosa ulilolifanya kwa mtu mmoja, na usiliyeyushe katika maneno makubwa kwamba umeitupa miaka kumi na mitano. Hukuitupa. Katika miaka hiyo umesomesha watoto, umelipa mikopo, umemtunza mama kwa pesa zako, na mkeo bado anakutaka kanisani, jambo ambalo mimi, kwa umri wangu wa miaka 71, nimeona wanawake wengi wakilikatia tamaa mapema zaidi. Kosa linalotajwa kwa jina lake husameheka. Majuto yasiyo na mpaka hayana pa kusamehewa, na mara nyingi ni njia nyingine tu ya kuendelea kutokuwepo nyumbani.

Kuhusu ndoa nitakuwa mkali kidogo. Nabii Eliya alipolala chini ya mti jangwani, amechoka hata anaomba kufa, malaika alimgusa, akamwonyesha mkate na maji, akamwambia ale, kwa kuwa safari ni kubwa mno kwake. Alilishwa kabla hajaufikia mlima wa Mungu, siku arobaini kabla. Chakula hicho ni masurufu ya njiani, na ndivyo Kanisa linavyouelewa Ushirika Mtakatifu tangu zamani. Ninyi wawili mmefunga tangu 2007, na si kwa sababu ya Kwaresima, bali kwa sababu ya ukumbi, kamati ya harusi na kadi za michango. Matangazo ya ndoa husomwa Jumapili tatu. Nenda ukamwone Padri wiki hii, si baada ya dari. Mkitoka kanisani, pikeni bada, ugali wetu wa muhogo, na samaki, waiteni majirani wa Makorora waliowavumilia miaka yote hiyo, inatosha. Wageni watakaolalamika kwamba hawakupewa soda mbili, waache walalamike.

Na kuhamia, msikilize mkeo. Nabii Yeremia aliwaandikia watu waliokuwa uhamishoni Babeli, ambao kila mmoja wao alikuwa akitamani kwao, kwamba wajenge nyumba na wakae ndani yake, wapande bustani na wale matunda yake. Wewe sehemu ya kujenga umeifuata. Iliyobaki ni ya kukaa. Nyumba ngapi za Pongwe, Kange na Maweni zina watu wanaocheka ndani yake na plasta hazina? Dari mtaiweka mkiwa humo, chumba kwa chumba, na aibu unayoiogopa itadumu mpaka mvua ya kwanza, mtakapogundua kwamba bati lenu halivuji. Chumba ulichomwahidi mama usikifunge na usikifanye stoo. Mpe binti yako, au kiwe cha wageni wanaotoka Muheza.

Hukuniambia mwanao ana miaka mingapi, ila nadhani amekaribia kuwa mrefu kukupita. Baiskeli amekwisha jifunza, hilo limepita na usijaribu kulirudia kwa namna ya kuchekesha. Yapo mengine ambayo bado hajafundishwa na jirani.

Jumamosi hii iache baiskeli Makorora. Mchukue kijana, pandeni gari la Muheza. Nauli ya watu wawili haifikii bei ya mfuko mmoja wa saruji. Mkifika Pongwe utaiona kona ya kwenda kiwanjani, na mguu utakuwasha ushuke. Usishuke. Mkifika kwa dada yako mwombe awapeleke kaburini, mkae hapo muda wowote utakaohitajika, kisha mzunguke nyuma ya nyumba mkauangalie ule mchungwa. Ukiwa na matunda, chumeni na myale hapo hapo, mmesimama. Usiyabebe.

Mama Mshauri